Baker Street: Siku Nzima Chini ya Barabara

Mvua ya London haina papara. Haitangazi kuja kwake kwa ngurumo, wala haimwagi kwa hasira ikapita zake. Huning'inia hewani tangu alfajiri, manyunyu membamba yanayokulowesha kidogokidogo, mpaka ukija kushtuka kola ya koti imeshakuwa baridi shingoni. Ndivyo kulivyokuwa asubuhi hiyo Marylebone Road. Mabasi mekundu ya ghorofa yalikuwa yamefuatana pua kwa mkia, lami inang'aa, na kutoka kwenye vibanda vya pembezoni ilikuja harufu ya kahawa na ya mikate ya siagi iliyotoka tanurini muda huohuo. Harufu hizo mbili, ukiongeza na ya sufu iliyolowa, ndizo London yenyewe ya saa mbili na nusu asubuhi.

Nje ya stesheni amesimama Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa vitabuni wa Arthur Conan Doyle, kavaa koti refu na kofia yake, kiko mkononi. Ni sanamu ya John Doubleday, iliyowekwa hapo mwaka 1999, na haikai dakika tano bila mtu kusogea kupiga nayo picha. Hatua chache mbele ni Madame Tussauds, jumba la sanamu za nta lililopo kwenye barabara hii tangu 1884, na foleni yake huanza mapema. Siwalaumu wanaopanga foleni hiyo. Lakini kitu kikubwa kuliko vyote katika mtaa huu kiko chini ya viatu vyao, na wengi wao wamekipita mbio dakika chache tu zilizopita wakitafuta njia ya kutokea. Stesheni hii ya Baker Street ni moja kati ya saba za reli ya kwanza ya chini ya ardhi duniani. Ilifunguliwa tarehe 10 Januari 1863, na treni hazijaacha kupita.

Utaingilia chini ya jengo kubwa la mawe meupe liitwalo Chiltern Court. Kampuni ya reli ya Metropolitan ililimalizia mwaka 1929 juu ya stesheni yake, ikapangisha nyumba za kifahari humo, na waandishi H. G. Wells na Arnold Bennett waliishi hapa, treni zikiwapitia chini ya sakafu. Ukishuka ngazi unakutana na ukumbi wa tiketi wenye dari la chini kidogo na watu wengi sana. Mwendo wa asubuhi ni wa haraka na wa kimya. Kila mtu kashika kadi yake tayari, anaigusisha kwenye geti, geti linafunguka, naye keshapotea. Mgeni akisimama katikati kusoma ramani, mto wa watu unamgawanyikia pande mbili bila kumgusa.

Nilikuwa nimesimama hivyohivyo aliponijia mama mmoja mfanyakazi wa stesheni, mtu mzima, fulana ya rangi ya chungwa juu ya sare, miwani imening'inia kifuani. Aliniuliza naenda wapi. Nikamwambia siendi popote, nimekuja kuitazama stesheni. Uso wake wote ulifunguka. Akaniita mwanangu, akanishika kiwiko, akaniongoza mwenyewe kwenye ngazi za kuelekea jukwaa la 5, huku akinieleza kwamba baba yake alikuja London kutoka Barbados kufanya kazi kwenye reli hizihizi. Shirika la usafiri la London lilianza kuajiri watu moja kwa moja kutoka kisiwa kile mwaka 1956, wakati jiji lilipokosa mikono ya kutosha, na familia nyingi za London zina hadithi kama ya mama huyu. "Huku ndiko kwenyewe," aliniambia tulipofika ngazini. "Wengine wote ni watoto wa huyu." Kisha akarudi kwenye mageti yake.

Ukishuka ngazi hizo unaingia mwaka 1863. Tao moja pana la matofali limepita juu ya reli mbili na majukwaa mawili, la 5 na la 6, kutoka ukuta hadi ukuta, bila nguzo hata moja katikati. Matofali yake ni ya rangi ya udongo na asali. Ukutani, pande zote mbili, kuna vidaka vikubwa vinavyoinama kwenda juu, kama vidaka vya nyumba kongwe ya Lamu vilivyokuzwa mpaka mtu mzima akaweza kulala ndani. Zamani vilikuwa njia za mwanga na hewa. Kila kimoja kilipanda mpaka usawa wa barabara kikiwa kimevikwa vigae vyeupe ndani, ili nuru ya mchana iteremke mpaka kwa abiria. Siku hizi mwanga unaomwagika humo ni wa taa za umeme zilizofichwa, lakini umepangwa kwa ustadi hata jicho linaamini kwamba juu kuna jua. Hiyo ni kazi ya ukarabati wa miaka ya 1980, waliposafisha masizi ya zaidi ya karne moja na kuyarudishia majukwaa haya sura yake ya mwanzo.

Nilikaa kwenye benchi, ukuta baridi mgongoni. Treni za njia ya Circle na ya Hammersmith & City zinapishana hapa kila dakika chache, mabehewa yameunganishwa wazi toka mwanzo hadi mwisho, kiyoyozi ndani, milango inafunguka kwa mlio mwembamba. Zikiondoka, kwa muda mfupi husikii kitu isipokuwa maji yakidondoka mahali na ngurumo ya magari ya Marylebone Road juu ya kichwa. Barabara yenyewe iko pale pale juu, kwa sababu reli hii ilijengwa kwa kuifumua barabara. Kuanzia 1860, chini ya mhandisi John Fowler, mafundi walichimba mtaro mrefu katikati ya njia, wakajenga kuta za matofali kila upande, wakaviringisha tao juu, kisha wakaufukia na kurudisha barabara mahali pake. Kilomita zipatazo 6, kutoka Paddington hadi Farringdon, zilichimbwa kwa majembe, sururu na mikokoteni ya farasi. Juni 1862 mfereji wa maji machafu wa mto Fleet ulipasuka ukafurika ndani ya machimbo, na kazi ikabidi itengenezwe upya mahali hapo. Upande wa Farringdon nyumba za maskini zilibomolewa reli ipate kupita, na wengi wa waliohamishwa hawakupewa pengine pa kwenda. Hilo nalo limo ndani ya matofali haya.

Aliyeipigania ndoto hii kuliko wote ni Charles Pearson, mwanasheria wa serikali ya City of London. Tangu miaka ya 1840 alikuwa akiwaambia wakubwa kwamba vibarua na makarani wasongamanao kwenye vyumba vya uvundo wangeweza kuishi mbali, penye hewa, endapo kungekuwa na treni ya bei nafuu ya kuwaleta kazini. Alifariki Septemba 1862, miezi minne kabla ya kuiona ikifunguliwa. Mwaka 1864 kampuni ilianzisha treni za alfajiri za nauli ya chini kwa ajili ya wafanyakazi. Ninapowaza juu ya wale watu wa London wa 1863, nakumbuka kwamba mwaka huohuo Sayyid Majid bin Said alikuwa akitawala Unguja, Dar es Salaam ilikuwa bado Mzizima, kijiji cha wavuvi, na ilibidi ipite miaka 30 ndipo reli ya kwanza ya Tanganyika ianze kujengwa pale Tanga.

Na treni za siku zile zilikuwa za makaa na mvuke, humuhumu handakini! Mabehewa yalikuwa ya mbao, yamewashwa taa za gesi. Vichwa vya treni vilitengenezwa kwa namna ya kuurudisha mvuke kwenye matangi ya maji badala ya kuutupa hewani, lakini moshi haukuwa na pa kwenda, na abiria walishuka macho yakiwawasha na koo limekauka. Bado walikuja kwa maelfu tangu siku ya kwanza. Kuanzia 1864 vichwa hivyo viliundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, na hapa msomaji wa Nairobi anyooshe mgongo: ni kiwanda hichohicho kilichotengeneza yale majitu ya vichwa vya Garratt ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, yaliyopewa majina ya milima yetu. Mount Gelai lipo mpaka leo kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Kichwa namba 23 cha Metropolitan nacho kimehifadhiwa, kwenye makumbusho ya usafiri ya Covent Garden. Januari 2013, reli ilipotimiza miaka 150, treni ya mvuke ilipitishwa tena kwenye mahandaki haya ikiwa na abiria ndani, na jukwaa la 5 likafuka moshi kama zamani.

Kutoka hapo nilipanda ngazi, nikakata kushoto, nikashuka nyingine, nikatokea mahali tofauti kabisa: penye anga. Majukwaa ya 1 hadi 4, ya njia ya Metropolitan yenyewe, yako kwenye bonde lililochimbwa nyuma ya Chiltern Court, na vipande vyake viko wazi, manyunyu yanaingia. Tawi hili lilianza 1868 kama njia fupi ya kwenda Swiss Cottage tu. Likakua, likakua, likavuka mashamba na vilima mpaka Verney Junction, kilomita kama 80 kutoka hapa, na kampuni ikawauzia watu wa mjini viwanja na nyumba kando ya reli kwa matangazo yenye picha za bustani. Kuanzia 1910 hadi 1939 kulikuwa na mabehewa mawili ya kifahari ambamo mfanyabiashara aliweza kuketi kwenye kiti cha kitambaa akala kifungua kinywa akielekea ofisini. Siku hizi njia inaishia karibu zaidi, Amersham na Chesham, lakini ukisimama jukwaani hapa na kusoma majina hayo kwenye ubao wa taa unasikia hewa ya shamba.

Upande huu ndio wenye vitu vidogo vya kumfurahisha mwenye jicho. Kuna maandishi ya zamani ya duka la vitabu la W. H. Smith. Kuna tangazo la vigae la chumba cha chakula cha mchana na chai, ingawa sikuona chai. Kuna jiwe la kumbukumbu la wafanyakazi wa reli waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, na watu wanalipita wakiwa na vikombe vya kahawa mkononi. Majukwaa yenyewe yamepinda, kwa hiyo kati ya behewa na ukingo hubaki nafasi ambayo sauti ya kipaza inakukumbusha kila treni inapofika. Ruka kidogo, utafika.

Ngazi, lakini! Baker Street ni nchi ya ngazi. Kuna majukwaa kumi hapa, mengi kuliko stesheni nyingine yoyote ya reli hii, na yamejengwa na vizazi ambavyo havikukaa kikao kimoja. Hakuna lifti ya kukutoa barabarani hadi chini, jambo ambalo mwenye kiti cha magurudumu analilipa kwa kuzunguka mbali, na ni haki lirekebishwe. Nilimwona mama mwenye mtoto kwenye kigari akisimama juu ya ngazi. Kabla hajageuza hata shingo, kijana mmoja mwenye vipokea sauti masikioni alikuwa keshashika magurudumu ya mbele, wakashuka pamoja hatua kwa hatua. Chini kijana alitikisa kichwa, akaenda zake. Watu wanasema London ni baridi. Hawajasimama kwenye ngazi hizi.

Ilikuwa Ijumaa, kwa hiyo mchana nilitoka, nikapita pembeni ya Regent's Park hadi msikiti mkuu wa London, ambao kuba lake la dhahabu huonekana juu ya miti hata chini ya mawingu. Baada ya swala ua ulijaa lugha za dunia nzima, na katikati yake nikasikia Chimwini, lugha ya watu wa Barawa, ndugu wa Kiswahili chetu. Nilitoa salamu. Wazee watatu waligeuka kwa pamoja, mikono ikashikwa, habari za Mombasa na Unguja zikaulizwa kana kwamba nimetoka huko jana, na nikaondoka na tende mfukoni pamoja na maelekezo ya mahali pa kula samaki.

Alasiri nilirudi stesheni kwa ajili ya sehemu ya chini kabisa. Ngazi za umeme zinakushusha muda mrefu. Simama kulia, waachie kushoto wenye haraka, sheria ya London inayoheshimiwa kuliko nyingi zilizoandikwa. Hewa inabadilika njiani. Juu kulikuwa na baridi na unyevu. Huku ni joto kavu lenye harufu ya vumbi la breki, chuma na mafuta ya mashine, joto ambalo udongo wa mfinyanzi umelinyonya kutoka kwa treni kwa zaidi ya karne. Njia ya Bakerloo ilifunguliwa tarehe 10 Machi 1906, nayo haikujengwa kwa kufumua barabara. Walitoboa mirija miwili ya duara ndani kabisa ya udongo, ndiyo maana mabehewa yake ni madogo, mabega yameviringika, mtu mrefu huinama mlangoni. Mabehewa yenyewe ni ya mwaka 1972, makongwe kuliko yote kwenye reli hii. Viti vyake ni laini, madirisha yanapiga kelele. Ukutani, vigae vina kivuli cha Holmes na kiko chake.

Jambo ninalolipenda kuliko yote huku chini ni upepo. Kabla hujaona taa, kabla hujasikia chochote, nywele zinaanza kucheza. Upepo wa vuguvugu unatoka kwenye tundu la handaki, kwanza pumzi, halafu msukumo, magazeti yanapepea, ndipo inakuja ngurumo, ndipo macho mawili ya treni. Na ukivuka jukwaa tu, hatua kumi, upande wa pili ni njia ya Jubilee, iliyofunguliwa 1979 ikachukua tawi la Stanmore lililokuwa la Bakerloo tangu 1939. Waliochora mpango huo wa mwaka 1939 walikuwa watu wa huruma: treni mbili zinazoelekea upande mmoja zinakutana ubavu kwa ubavu, abiria abadilishe bila kupanda ngazi. Kwenye kuta za Jubilee kuna michoro ya matukio ya hadithi za Holmes, na inafaa kuachilia treni ipite ili uitazame.

Hapo ndipo niliposadiki ninachotaka kukisema kuhusu stesheni hii. Kila kizazi kilipotaka reli mpya hakikubomoa ya baba yake. Kilichimba kando yake, au chini yake, kikatoboa mlango ukutani, kikaongeza ngazi. Kwa hiyo 1863, 1868, 1906, 1939 na 1979 zote ziko hapa, zote zinafanya kazi, zote zina watu wanaokwenda kazini. Sisi tulioanza mwaka 2024 kupanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma, na huku stesheni ya Wajerumani bado imesimama mjini, tuna la kujifunza.

Jioni nilipanda Bakerloo kwenda kaskazini. Karibu na Queen's Park treni inaibuka juu ya ardhi, na nusu saa hivi baada ya kuondoka nilishuka Wembley Central, mdomoni mwa Ealing Road. Hapa manyunyu yalikuwa yamekoma. Maduka ya sari na dhahabu yamewasha taa, jalebi zinakaangwa mlangoni, na kwenye ubao wa mgahawa mmoja nikasoma neno mogo. Ni muhogo wetu! Wahindi wa Afrika Mashariki, waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 na waliotoka Kenya miaka michache kabla, waliubeba mpaka huku. Unakatwa vipande vinene, unakaangwa ukawa na ganda la kuvunjika na moyo mweupe wa unga, kisha unarushwa kwenye pilipili, kitunguu saumu na ndimu.

Mzee aliyekuwa kwenye meza ya malipo alinisikia nikiagiza. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka Bara au Unguja?"

Alizaliwa Mombasa. Alipofika London akiwa kijana, kwa miaka mingi alibadilisha treni Baker Street asubuhi na jioni, na alikuwa bado anakumbuka behewa gani lilisimama mbele ya ngazi. Aliniongezea ndimu mbili na kisahani cha chatne ya ukwaju. Chai ya maziwa yenye tangawizi alikataa katakata kuilipisha. Tulizungumza Kiswahili mpaka viti vikaanza kupandishwa mezani.

Msomaji, ukijaliwa kufika London, usiifanye Baker Street kuwa mahali pa kubadilishia treni tu. Nenda baada ya saa tatu na nusu asubuhi, wakati umati wa kazini umekwisha kupita. Vaa viatu vya kupandia ngazi. Shuka jukwaa la 5, kaa kwenye benchi, uache treni mbili tatu ziende bila wewe, kisha zunguka majukwaa yote kumi. Hakuna kiingilio, nauli yako ya kawaida inatosha.